Cheti cha Kutokuwepo cha Mkoa wa Saba

Palikuwa na nchi, na mpaka leo ipo, ila iliomba nisiitaje jina, nami ni raia mwema. Nchi hiyo ilijaaliwa kila kitu: milima, mito, mihogo na mawaziri arobaini na wanane. Kitu kimoja tu haikuwa nacho, na ilijivunia sana kutokuwa nacho. Haikuwa na mwanamume hata mmoja aliyempenda mwanamume mwenzake, wala mwanamke aliyempenda mwanamke mwenzake, wala mtu aliyeitwa Bakari utotoni akajijua moyoni kuwa yeye ni Batuli. Rais wa nchi hiyo, Mlezi wa Maadili na Mfungua Madaraja, alilitangaza hilo redioni kila Jumatatu baada ya bei za mazao.

"Watu wa namna hiyo hawapo kwetu," alisema, "hawajawahi kuwepo, na ninawapa siku saba waondoke!"

Wananchi walipiga makofi. Hakuna aliyeuliza ni nani anayepewa hizo siku saba.

Mambo yangeishia hapo, lakini nchi jirani ikatangaza kwamba wao wamefanya uchunguzi na kuthibitisha kutokuwepo kwa asilimia tisini na nane. Baraza la Mawaziri lilipata homa. Kufungwa mpira na majirani tulikuwa tumezoea, samahani, walikuwa wamezoea; lakini kushindwa hata kutokuwa na kitu ilikuwa fedheha. Ikaundwa Wizara ya Maadili na Yasiyokuwepo, ikapewa jengo la ghorofa tisa, na kila mkoa ukaagizwa kuleta Cheti cha Kutokuwepo kabla ya sherehe za taifa. Mkoa utakaoshinda ungepewa kombe.

*

Waraka huo ulipofika Mkoa wa Saba, katika mji wa Mtondooni, uliangukia mikononi mwa karani wa masijala, Bi Mashavu Kombo. Masijala ni pale faili zinapotunzwa, na Bi Mashavu alikuwa amezitunza kwa miaka ishirini na tisa bila kupoteza hata moja. Aliuweka pembeni muhogo wake wa kuchoma, akafuta vidole, akavaa miwani yake iliyofungwa uzi, akausoma waraka kuanzia muhuri hadi muhuri.

Ulimhusu kwa pande mbili. Kwanza, kazi ni yake. Pili, yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa hao wasiokuwepo. Alikuwa hayupo kwa miaka sitini na moja, na thelathini na moja kati ya hiyo alikuwa hayupo pamoja na Bi Zawena Mlekwa, mfumaji wa vitambaa, nyumba moja, kitanda kimoja, birika moja.

Vitambaa hivyo unavijua, msomaji, kama umekulia nchi yoyote yenye makochi. Ni vile vyeupe vya nyuzi vinavyotandikwa mgongoni mwa kochi, juu ya redio, juu ya televisheni, na kwa wenye uwezo hata juu ya jokofu, ili jokofu lisione baridi. Mtondooni vilifumwa na kikundi kimoja tu, Wana-Sindano, wake kwa waume, waliokutana kila Alhamisi alasiri barazani kwa Bi Zawena. Watu wa mji waliamini kwamba pale barazani wanafuma vitambaa. Na kweli walikuwa wanafuma.

Ila walikuwa na desturi yao. Kila Mwana-Sindano alikuwa na ua lake, yaani mchoro wake wa nyuzi, uwe tunda au samaki, na hapana mwingine aliyeruhusiwa kulifuma ua hilo kwa jina lake mwenyewe. Wawili wakianza kukaa pamoja, maua yao yaliunganishwa kwenye kitambaa kimoja. Na mmoja akifa, wote waliketi wakafuma ua lake kwa zamu, kila mtu mstari wake, kisha nyuma ya kitambaa wakashonea kipande cha kadi chenye jina la marehemu na habari zake: alipenda nini, alimpenda nani, alicheka vipi. Vitambaa hivyo vilitunzwa kwenye kasha la Bi Zawena. Vilikuwa mia mbili na kumi na vinne, na cha kwanza kilifumwa kabla ya nchi kupata bendera. Dunia nzima haikuwa na mahali pengine ambapo watu hao waliandikwa.

Bi Zawena alifariki miaka miwili nyuma. Kaka zake, ambao hawakuwa wamekanyaga Mtondooni tangu ujana, walikuja na turubai, wakazika, wakatangaza redioni kwamba marehemu hakuacha mume wala mtoto. Mkubwa wao alimshika Bi Mashavu mkono mbele za watu akamwambia, "Ahsante sana jirani, kwa kumwangalia dada yetu." Miaka thelathini na moja, akatoka na cheo cha jirani. Neno hilo lilimuuma. Aliinama akakusanya vikombe vya chai, kama jirani.

Sasa wiki ileile ya waraka ikaja barua ya pili, kutoka kwa mtoto wa kaka huyo. Nyumba ni ya shangazi, kwa hiyo ni ya ukoo. Jumamosi ya wiki ijayo atakuja kuifungua, kuipaka rangi na kuipangisha. Bi Mashavu atafute pa kwenda, na "matambara yote yaliyomo yatachomwa moto".

*

"Nyumba nitapata," Bi Mashavu alimwambia Mzee Feruzi. "Kasha nalipeleka wapi?"

Mzee Feruzi alikuwa mpambaji wa maharusi na Mwana-Sindano mkongwe kuliko wote. Hapakuwa na ndoa ya maana Mtondooni ambayo hakuifunga riboni. Chumba chake kilivuja kila kona, na pasipovuja palikuwa na mchwa.

"Kwangu halitamaliza masika, dada yangu. Tuligawane?"

"Mkigawana, mkifa, kila mmoja atakuwa na mpwa wake na kiberiti chake." Bi Mashavu akamwekea waraka mbele. "Soma kifungu cha tisa."

Feruzi akasoma kwa sauti, akisogeza kidole. "'Ushahidi wote wa kutokuwepo kwao ukusanywe, usajiliwe, na utunzwe chini ya ulinzi wa askari kwa miaka mia moja, ili mwananchi mwenye shaka aonyeshwe jinsi wasivyokuwepo.'" Akauweka waraka magotini. "Mashavu, hawa wametujengea nyumba?"

"Na mlango wa chuma."

Lazima nieleze hapa kwa nini Bi Mashavu aliiamini serikali, jambo ambalo si la kawaida kwa mtu aliyefanya kazi serikalini. Nchi ile iliwahi kupoteza ndege mbili, mto mmoja, na Naibu Waziri wa Uvuvi aliyetoka kwenda kunywa chai. Lakini haikuwahi kutupa faili. Kitu kikishapata namba ya masijala kilikuwa cha milele. Bi Mashavu mwenyewe alitunza faili la mbuzi aliyekula bendera ya mkoloni, nakala tatu, pamoja na mkia wa mbuzi.

"Na polisi?" Feruzi aliuliza. "Tunawapelekea majina kwa miguu yetu wenyewe?"

"Umesahau kesi ya fundi saa?"

Feruzi akacheka bila kutaka. Mwaka uliotangulia polisi walimkamata Bwana Shekue, fundi saa, kwa kosa la kuwa mmoja wao. Hakimu akamuuliza mwendesha mashtaka, "Huyu ndiye ambaye Rais amesema hayupo?" Akajibiwa ndiye. "Kwa hiyo unaiambia mahakama kwamba Rais ni mwongo?" Mwendesha mashtaka alilala ndani wiki mbili. Fundi saa alirudi dukani.

"Hata hivyo," Bi Mashavu alisema, "hakimu wa kesho simjui. Watakwenda marehemu tu. Aliye hai haandikwi."

"Aliye hai haandikwi," Feruzi akarudia, na wakapeana mikono.

*

Mkuu wa Mkoa, Mheshimiwa Dokta Sengasu, aliizindua kazi kwa hotuba ya saa mbili. Alikuwa mtu mnene, mpole akishashiba, na ofisi yake ilisifika kwa makochi saba yenye vitambaa vya harusi yake mwenyewe, ambavyo hakuna mgeni aliyethubutu kuviegemea.

"Ndugu wananchi!" alinguruma. "Kutokuwepo si jambo la mchezo! Kutokuwepo kunahitaji uwepo wa kila mmoja wetu! Mkoa huu umekosa maji, umekosa barabara, umekosa dawa; je, tushindwe kukosa watu?"

"Hatushindwi!" wananchi wakajibu.

Akamkabidhi Bi Mashavu chumba cha chuma kilichojengwa zamani kwa ajili ya dhahabu ya mkoa, ambayo nayo ilikuja kuthibitika kwamba haipo.

Wizara ilileta fomu, nakala tatu kwa kila mtu. Zilitaka jina kamili la asiyekuwepo, tarehe aliyokuwa hakuzaliwa, mtaa aliokuwa haishi, mambo aliyokuwa hayafanyi, vielelezo, na mwishoni, uhusiano wa mtoa taarifa na asiyekuwepo. Bi Mashavu aliviondoa vitambaa kashani kimoja kimoja. Feruzi alisimulia, yeye akaandika kwa mwandiko wake wa kiserikali:

"Mzuzuri bin Faki, fundi cherehani. Hakuishi Mtaa wa Chumvini kwa miaka thelathini. Hakushona sare za bendi ya polisi, zile zilizoshinda tuzo. Hakumpenda Hemedi dereva wa lori, wala hakumpikia uji kila alfajiri ya safari, wala hakukaa kizingitini siku arobaini lori lilipopinduka."

"Hakukaa," Feruzi alisema, akijifuta macho kwa utepe wa harusi. "Maskini Mzuzuri, hakukaa kabisa."

Siku ya tatu watu wakaanza kupanga foleni. Wa kwanza alikuwa bibi kizee mwenye picha kwenye mfuko wa rambo. "Nasikia mnaandikisha wasiokuwepo," alisema. "Nina kaka yangu. Alikuwa hayupo kweli kweli huyo. Nyumbani tulikatazwa hata kumtaja." Nyuma yake akaja mwalimu mstaafu na barua alizoziokota kwa mjomba wake. Akaja mama na shanga za mwanawe, ambaye kwa mara ya kwanza, mbele ya karani wa serikali, alimwita "binti yangu". Kila mmoja alisema kwa sauti ya juu kwamba anamwaga ukweli kwa kuipenda nchi yake, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Ni kweli mtatunza?"

"Miaka mia moja," Bi Mashavu alijibu, akigonga muhuri.

Fomu zikafika mia mbili sitini na mbili. Ilibaki moja, ya Zawena. Ile Bi Mashavu aliijaza peke yake, akaifunga.

*

Alhamisi, siku mbili kabla mpwa hajafika, msafara wa magari kumi na moja ulimleta Mkaguzi Mkuu wa Yasiyokuwepo, Bwana Ligunda. Wenyeji walimpokea kwa ngoma. Akaingia ofisi ya Mkuu wa Mkoa, akataka kielelezo chochote, na Bi Mashavu akampa kitambaa cha Mzuzuri: samaki wawili ndani ya mduara. Bwana Ligunda alikitazama. Akalitazama kochi alilokalia. Samaki wawili ndani ya mduara.

"Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa," alisema polepole, "umekalia nini?"

"Vya harusi yangu hivyo!" Dokta Sengasu akaruka. "Aliniletea Feruzi mpambaji!"

Unakumbuka desturi yao: ua la mtu halikufumwa na mwingine kwa jina lake. Lakini kwa kuuza je? Wana-Sindano walikuwa na kosa lao moja, na kosa hilo ni mapenzi. Waliwafuma marehemu wao hata kwenye vitambaa vya biashara, ili wakipita mjini wawaone madirishani. Kwa hiyo Mzuzuri alikuwa kwenye makochi ya Mkuu wa Mkoa, Batuli muuza karanga alikuwa juu ya televisheni ya polisi, na mezani kwa hakimu, chini ya nyundo yake, walikuwa wawili waliopendana tangu zama za mkoloni.

Mkaguzi aliona aibu kwamba wasiokuwepo wamejaa sebuleni, akasahau kifungu cha tisa, akaamuru vyote vikusanywe vichomwe moto. Ilikuwa asubuhi ya maombolezo. Askari waliingia nyumba hadi nyumba, na akina mama wakatoka nao mlangoni wakipiga kelele, "Mtatuacha makochi uchi?" Mke wa Mkuu wa Mkoa alijifungia sebuleni. Kufika saa sita, kwenye uwanja wa ofisi ya mkoa palikuwa na mlima mweupe. Hapo juu wakamwaga na kasha zima la Zawena, na fomu zote. Mtangazaji wa redio akaitwa. Kopo la mafuta ya taa likaletwa.

Bi Mashavu aliutazama mlima ule. Kwa mkono wake mwenyewe alikuwa amewatoa marehemu nyumbani na kuwaleta kwenye moto. Feruzi, upande wa pili wa uwanja, alikuwa amefumba macho. Ndipo ukarani wa miaka ishirini na tisa ukamshika bega. Akaingia masijala, akatoka na karatasi moja ya zamani, akasimama mbele ya Mkaguzi.

"Samahani mheshimiwa. Vya kashani vimeshapewa namba, na vingine vimechanganyika navyo. Chenye namba hakichomwi bila Fomu ya Uteketezaji."

"Lete nisaini, mama."

"Isome kwanza, mheshimiwa. Ni kiapo."

Bwana Ligunda akasoma kwa sauti, kwa kuwa redio ilikuwa inarekodi. "'Mimi mwenye cheo kilichotajwa hapo juu naapa kwamba vitu ninavyoviteketeza vilikuwepo, na kwamba wenye vitu hivyo walikuwepo nchini...'" Kalamu ikasimama hewani.

Akageuka. "Mkuu wa Mkoa, huu ni mkoa wako. Saini."

"Mimi?" Dokta Sengasu akatokwa na jasho. "Mimi ni mgeni hapa, nina miaka kumi na sita tu. Kamanda wa Polisi ndiye mwenye moto."

Kamanda alisema polisi hushughulika na watu waliopo. Akamsukumia Mkuu wa Zimamoto. Mkuu wa Zimamoto akasema kazi yake ni kuzima, na kama wanataka yuko tayari kuzima sasa hivi. Fomu ikarudi kwa Mkaguzi ikiwa na alama za vidole vya jasho vya uongozi mzima wa mkoa. Mtangazaji alisogeza kinasa sauti karibu zaidi.

"Mama," Bwana Ligunda alinong'ona, "hakuna njia nyingine?"

"Ipo, mheshimiwa. Kutunza. Kutunza hakudai kiapo. Kunadai sahihi tu."

*

Bwana Ligunda akasaini fomu mia mbili sitini na tatu, moja baada ya nyingine, kwenye kochi tupu. Mara moja tu alisita.

"Huyu Mrehani binti Kheri. Alikaa nyuma ya kiwanda cha pamba?"

"Hakukaa, mheshimiwa."

"Mama alituambia shangazi Mrehani alikwenda Ulaya."

"Huko kweli hakwenda."

Mkaguzi aliilainisha fomu hiyo kwa kiganja. Aliisaini kwa herufi kubwa kuliko nyingine, akapuliza wino. Zilizobaki alizisaini bila kusoma, kwa sababu harufu ya pilau ilikuwa imeshaingia dirishani.

Ya mwisho ilikuwa ya Zawena. Feruzi, aliyekuwa akizipanga, aliiona ikipita, akasoma mstari wa chini, akamvuta Bi Mashavu pembeni.

"Tulipatana aliye hai haandikwi. Umeweka jina lako! Tena umeandika..."

"Najua nilichoandika."

"Watakuona, dada yangu."

"Waone. Miaka sitini na moja nimekuwa sipo, Feruzi. Msibani kwake nilikuwa sipo, nikaosha vikombe. Mahali pamoja tu nitakuwepo, na ni hapo."

Bwana Ligunda alisaini, akagonga muhuri wa taifa, akauliza kama kuna pilipili.

Mkoa wa Saba ulitwaa kombe. Lengo, ambalo masijala yenyewe ililipeleka wizarani kwa kuhesabu kasha, lilikuwa watu mia mbili na kumi na wanne; wao walithibitisha kutokuwepo kwa mia mbili sitini na watatu, yaani asilimia mia moja na ishirini na tatu, kwa majina, picha na anwani. Rais alisema redioni kwamba hakuna nchi duniani yenye kumbukumbu kamili kama hizo za watu wasiokuwepo, na alisema kweli. Mpwa alikuja Jumamosi na kiberiti chake akakuta chumba kitupu, kimefagiwa. Na kombe lilipoletwa ofisini kwa Dokta Sengasu, hakuna aliyejua pa kuliweka, maana kuweka kitu cha heshima juu ya meza tupu ni ushenzi. Mkewe akafungua sebule, akatoa kitambaa kimoja alichokuwa ameficha.

Bi Mashavu alipanga chumba nyuma ya soko. Kila Alhamisi alasiri anakwenda kukagua, kama kanuni inavyotaka. Anafungua mlango wa chuma, anafika mwisho wa rafu, anatoa kitambaa chenye komamanga la Zawena na ufunguo wake mwenyewe vilivyofumwa pamoja, anakinyoosha mikunjo. Kisha anasoma fomu, ingawa anaijua kwa moyo. Uhusiano wa mtoa taarifa na asiyekuwepo: *mke wake*. Chini yake sahihi ya Mkaguzi Mkuu, na muhuri wa taifa.

"Haya, Zawena," anasema. "Jirani yako nimekuja."

Siku moja askari mpya wa lindo alimuuliza, kwa adabu, "Bibi, humu ndani tunamlinda nani?"

"Hamna mtu, mwanangu."

"Ndiyo, bibi," askari akajibu. Bi Mashavu alipofunga mlango, kijana akabana visigino, akampigia saluti huyo asiyekuwepo.